Vumbi Jeusi la Nyumba ya Simi-Simi

Ninyi vijana mliofungua meza zenu za kutengeneza kompyuta pale Makiso, mkiniona napita na mwavuli wangu mnaniita, "Maman Sifa, kuja utazame hii, inaganda." Nami nakuja, nakaa kwenye kiti chenu cha plastiki, nawapa neno moja mawili, tunacheka, naenda zangu sokoni. Lakini kuna mashine moja sijawahi kuwasimulia vizuri. Kila nikianza, vidole vinakuwa baridi na nageuza maneno. Leo nimeamua kuandika. Karatasi haitanitazama usoni.

Kwanza mjue nilivyofundishwa, maana bila hilo hamtaelewa kosa langu. Aliyenifundisha ni Papa Bokota, fundi wa mashine za kuandikia na redio, ambaye kompyuta zilipoanza kuingia mjini alizifungua kwa bisibisi zile zile. Alinikubali wakati wengine walisema mwanamke atajiunguza na chuma cha kulehemu. Nilijiunguza kweli, mara nyingi, naye alikuwa akinipa maji ya kunawa bila kusema kitu.

Papa Bokota alikuwa na mchezo. Mashine ikiletwa, kabla ya kuiwasha aliifungua, akatuita wanafunzi wake tutazame vumbi, tuseme mwenyewe anafanya kazi gani. Vumbi jeupe kavu, huyo mwalimu, ni chaki. Jeupe linalonata, anauza mikate. Jekundu, nyumba iko kando ya barabara. Mara moja tulipiga chafya asubuhi nzima juu ya mashine ya mama mmoja aliyekuwa akisaga pilipili chumba hicho hicho. Mara nyingine nikakuta kwenye sanduku la umeme mjusi amekauka kama samaki wa moshi, na mwenye mashine akaomba apewe akawaonyeshe wanawe. Mimi niliuchukua mchezo ule kama mchezo. Papa Bokota alipokufa na mimi nikawa na duka langu, niliuacha. Wateja walikuwa wengi, nilitaka kumaliza haraka. Mashine ikiganda nilisema ni virusi, napanga programu upya, mtu anaondoka.

Ndivyo nilivyofanya kwa mashine ya Papa Saidi.

Papa Saidi alikuwa karani wa ofisi moja ya serikali, mtu mpole, wa familia ya Waislamu wa zamani wa mji huu. Alikaa upande wa Simi-Simi, karibu na kiwanja cha zamani cha ndege. Mchana akitoka ofisini alichapa barua na maombi ya watu nyumbani kwake. Kompyuta yake aliifunga ndani ya shuka, akaipakia nyuma ya toleka, ile baiskeli ya kubeba abiria, na badala ya kupanda na yeye akatembea kando ya ile baiskeli, mkono mmoja juu ya shuka, kama anasindikiza mgonjwa.

Ugonjwa wenyewe alinieleza vizuri. Mashine inawaka, inafanya kazi dakika kumi, kumi na tano, halafu picha inasimama. Mshale haujongei. Ukiizima kwa nguvu na kuiwasha tena, inalia mara mbili na kioo kinabaki cheusi. Ukiiacha saa nzima, inaamka kama hakuna kilichotokea.

Ninyi mkisikia hivyo leo mnajua: joto. Mimi pia nilijua, au nilipaswa kujua. Lakini niliiweka mezani, nikatoa kifuniko cha ubavuni, feni ya duka inapuliza, nikapanga programu upya. Ikafanya kazi siku mbili bila kosa. Nikamrudishia. Siku ile ile akanipigia simu: imesimama tena.

Akairudisha. Nikatoa vile vipande vya kumbukumbu, barrettes, nikavisugua meno kwa kifutio cha penseli mpaka yakang'aa, nikabadilisha kimoja. Siku mbili tena mezani kwangu, kifuniko wazi, feni inapuliza. Nzima kabisa. Hapo pana somo, nalo ni la aibu: mashine iliyo wazi mbele ya feni si mashine ile anayokaa nayo mtu nyumbani. Nilikuwa naipoza mimi mwenyewe halafu nasema imepona.

Mara ya tatu Papa Saidi alikuja mikono mitupu. Akakaa. Akaangalia mlangoni kwanza kama kuna mtu anasikia.

"Maman Sifa," akasema, "hii mashine iko muzima kwako. Kwetu ndiyo iko inakufa."

Halafu akashusha sauti na kunieleza mengine, na mimi nikaanza kuogopa tangu pale, mchana, dukani kwangu, watu wakipita nje.

Alisema miezi miwili nyuma shangazi yake, Koko Asha, alikuja kutoka Bengamisa baada ya kumzika mumewe. Hakuwa na mtoto aliye hai, basi Papa Saidi akampokea na kumpa chumba cha annexe, kile kijumba cha nyuma ya lupango, yaani ua wa nyumba yao. Tangu alipofika, nyumba haikutulia. Mke wake, Maman Rehema, aliumwa kichwa karibu kila siku mchana. Watoto wawili, Nadia wa miaka kumi na moja na Yusufu wa miaka minne, walitapika bila kula kitu kibaya. Zahanati walipima malaria, hakuna. Kuku wawili waliofungiwa kwenye korido walikutwa wamekufa bila jeraha. Na sasa kompyuta. Koko peke yake hakuumwa hata siku moja. Alikaa kizingitini pa annexe akiangalia nyumba, na Rehema aliapa kwamba ni wakati huo hasa kichwa chake kilianza kupasuka.

Rehema alikuwa amemkataza Koko kuingia katika nyumba kubwa na kuwagusa watoto. Kaka mkubwa wa Papa Saidi, Tonton Musafiri, aliita kikao cha familia siku ya Jumapili kuamua yule mama apelekwe wapi. Lakini maneno yalikuwa yameruka ukuta. Vijana wa avenue ile walikuwa wamekwisha kurusha mawe juu ya bati la annexe, mara mbili.

"Miye siamini," Papa Saidi akasema. "Lakini minaogopa."

Msidhani niliyasikiliza hayo kama mtu msomi anayecheka moyoni. Nilikuwa msichana mdogo nilipoona mtaani kwetu mama mzee aliyeitwa mchawi akitolewa nyumbani kwake. Walimvunjia mlango, akapita mbele yetu na sufuria kichwani na kanga begani, na hakuna aliyemuaga, hata mama yangu aliyekuwa akikopa chumvi kwake. Hatukusikia tena habari zake. Basi nilikuwa na hofu mbili zinazovutana. Nilimuogopa Koko Asha, na niliogopa watakalomfanya.

Ningependa kuwaambia kwamba nilikwenda Simi-Simi kumwokoa. Hapana. Nilikwenda kwa sababu mashine ilinishinda mara mbili na nilikuwa na kiburi. Nilimwambia Papa Saidi nitakuja Alhamisi, niitazame mahali inapoumwa.

Alhamisi nilifika baada ya chakula cha mchana. Papa Saidi alikuwa bado ofisini. Maman Rehema alinipokea, mwanamke mwembamba, kitambaa kimekazwa kuzunguka paji la uso kama watu wenye maumivu ya kichwa wanavyofanya. Nadia alikuwa amerudishwa mapema kutoka shule, amelala na mdogo wake katika chumba cha ndani. Kompyuta ilikaa sebuleni, mgongo wake umeegemea ukuta wa mbao. Nyuma ya mbao zile ndipo korido ilipopita kwenda mlango wa nyuma.

Kupitia dirishani nilimwona Koko Asha kizingitini pake, anachambua pondu, majani ya muhogo, ndani ya beseni. Mama mdogo wa umbo, mgongo umepinda kidogo. Alinisalimu toka mbali, akaniuliza kama watoto wamekula. Nilijibu bila kumtazama machoni. Hilo nalikumbuka na linaniuma.

Niliwasha mashine, nikaweka saa yangu mezani. Baada ya dakika chache tu umeme wa mji ukakatika. Nikamwomba Maman Rehema awashe groupe, ile mashine yao ndogo ya petroli ya kutoa umeme, ili niendelee. Shikeni hilo vizuri: mimi ndiye niliyeomba. Akaingia kwenye korido, nikasikia anavuta kamba mara tatu, halafu mngurumo ukaanza nyuma ya mbao, karibu sana hata meza ikatetemeka. Sikuuliza kwa nini groupe iko ndani ya nyumba. Katika mji wetu groupe ikilala nje haiamki kwa mwenyewe, wezi wanaibeba, kila mtu anajua, kwa hiyo niliona ni kawaida.

Halafu mvua ikaja, ile ya kwetu isiyoomba ruhusa. Upepo ukaanza kutupa maji ndani, na mimi nilikuwa nimekwisha fungua ubavu wa kompyuta. Nikafunga dirisha. Mimi mwenyewe, kwa mikono hii. Nikasikia Rehema anafunga mlango wa nyuma ili maji yasiingie koridoni, halafu akaniambia kwa sauti ya kuchoka kwamba anakwenda kujilaza na watoto.

Safari hii niliamua kutoa kila kitu, hata feni iliyo juu ya kichwa cha mashine ambayo mara mbili nilikuwa nimeipiga brashi juu juu tu. Skrubu ya kwanza ikatoka. Ya pili bisibisi ikateleza. Nikajaribu tena, ikateleza. Nikaona kwamba ncha ya bisibisi haifiki penye tundu. Mkono wangu ulikuwa unakwenda pembeni, kama wa mlevi. Kichwa kilikuwa kimeanza kunibana hapa pande mbili. Moyo ulikuwa unakimbia na mimi nimekaa tu.

Nikainua macho. Kupitia kioo cha dirisha chenye maji nilimwona Koko Asha. Alikuwa amesimama sasa, mlangoni pake, anatazama nyumba. Ananitazama mimi.

Sijawahi kuogopa vile tena maishani. Nilikuwa na umri wa kutosha, nilikuwa nimefungua mamia ya mashine na kujua kwamba kila kosa lina sababu yake, na yote hayo yakanitoka. Nikasema moyoni, basi ni kweli. Amenishika na mimi. Nikataka kuanza kusali, maneno yakawa hayakai katika mstari.

Sikuendelea na skrubu kwa ushujaa, mkono tu uliendelea wenyewe kama mkono wa mtu aliyezoea. Feni ikatoka. Chini yake kuna yale mapezi ya chuma yanayopaswa kupitisha hewa. Hayakuonekana. Yalikuwa yamezibwa kabisa na kitu cheusi, laini, chenye mafuta, kama masizi ya chungu yaliyochanganywa na mawese.

Nikakitazama kwa muda mrefu. Vumbi la Simi-Simi ni jekundu. Nyumba ile haikuwa na jiko la makaa sebuleni, wala haikuwa kando ya barabara. Nikakifuta kwa kidole, nikapeleka puani. Petroli na mafuta yaliyoungua.

Hapo nikaelewa, lakini polepole, kama mtu anayesoma barua kwa mwanga mdogo. Mashine hii inavuta hewa kutoka kwenye mbao za nyuma. Nyuma ya mbao kuna groupe. Kile inachovuta mashine, watu wa nyumba hii wanakivuta pia. Na mimi nimekivuta, madirisha yamefungwa, milango imefungwa, na ndani kule wamelala watatu.

Nikasimama. Nikaanguka kando ya meza, nikatambaa. Kutoka pale hadi mlango wa mbele si zaidi ya hatua sita, na nilitambaa kama ninavuka mto. Nikavuta komeo, nikaangukia nje matopeni, uso juu, mvua inanipiga mdomoni, nikavuta pumzi. Nikaita jina la pekee nililolijua pale nje.

"Koko Asha, kuja. Watoto wako wanakufa ndani. Ni moshi ya groupe."

Alikuja. Nilijifunga kanga iliyolowa puani, tukaingia pamoja. Mimi nikaenda koridoni, nikaizima groupe na kuupiga teke mlango wa nyuma mpaka ukafunguka. Yeye akaenda chumbani. Nilipofika pale, alikuwa amemwinua Yusufu, na mtoto alikuwa amelegea, kichwa kinaning'inia kwenye mkono wake. Nadia nilimvuta kwa kwapa, miguu yake ikikokota sakafuni. Tukawalaza nje chini ya mvua na kumrudia mama yao. Rehema alikuwa mzito kuliko alivyoonekana. Tulimburuta wote wawili, mimi na yule mama mzee wa mgongo uliopinda, tukianguka na kuinuka.

Nadia akatapika, akaanza kulia. Nilishukuru kwa kilio kile. Yusufu hakulia. Koko alimpakata kwenye matope, anamsugua mgongo na kumwita jina.

Na wakati huo majirani wakaja. Walisikia sauti yangu, wakamiminika lango likiwa wazi, na wakaona nini? Waliona mama wanayemwita mchawi amemshika mtoto asiyejongea. Rehema alifumbua macho, akaona vile vile. Alijirusha, akamnyang'anya Koko mtoto kwa nguvu ambayo sijui alikuwa ameificha wapi. Na mimi nikaona kijana mmoja kando ya ukuta ameinama, akainuka na tofali mkononi.

Nilitaka kukimbia. Nawaambia ukweli, niliangalia lango. Lakini miguu bado ilikuwa mibovu, labda ndiyo iliyonisaidia nibaki. Nikajiweka kati, nikanyoosha vidole vyangu vyeusi ili wavione.

"Mutu asimuguse," nikasema. "Moshi ya groupe ndiyo iko inaua hapa. Ile nyumba bado imejaa. Asiyeamini aingie, afunge mulango, akae."

Hakuna aliyeingia. Yule kijana hakutupa tofali, wala hakuliweka chini. Alibaki nalo. Yusufu akakohoa, kikohozi kidogo kama cha paka, akaanza kulia kwa sauti mbaya ya kukwaruza, na watu wote pale wakapumua kwa mara moja.

Tukawapakia kwenye pikipiki mbili kwenda zahanati. Muuguzi aliyewapokea alisikiliza maelezo yangu, akawafungulia hewa ya chupa, akasema mbele ya majirani waliotufuata kwamba moshi unaoonekana si ule unaoua. Unaoua hauna rangi, hauna harufu, unamlaza mtu na kumsahaulisha kuamka. Alisema kama mtu angewafikia nusu saa baadaye, angekuta maiti. Maneno hayo yalisaidia kuliko yangu. Mimi nilikuwa fundi wa mashine tu, tena mwanamke mwenye matope.

Papa Saidi alikuja mbio kutoka ofisini, kiatu kimoja kimebaki njiani. Alipoona wote wanapumua, alikaa sakafuni pa zahanati.

Lakini Jumapili bado ilikuwa inakuja. Msidhani hofu ya watu inakwisha kwa kuambiwa mara moja. Tonton Musafiri alisema kikao kitakuwepo. Aliuliza jambo ambalo, nikikaa kitako, naona lilikuwa swali zuri. Alisema sawa, ni groupe, lakini familia hii ina groupe tangu miaka mitatu, na hakuna aliyeumwa. Kwa nini imeanza kuua tangu yule mama alipofika?

Nilienda kwenye kikao, sebuleni kwa Papa Saidi, nimeifunga ile feni na mapezi yake ndani ya gazeti. Niliziweka mezani mbele yao, nyeusi zilivyo. Koko Asha alikaa peke yake karibu na mlango, ametazama mikono yake. Nilikuwa na hofu ya kuongea mbele ya wazee wa watu wengine, tena habari za ukoo wao. Basi sikuhutubu. Niliuliza kama ninavyowauliza wateja, kwa sababu ni njia pekee ninayoijua: imeanza lini, na siku ile mlihamisha nini.

"Papa Saidi, mbele ya Koko kufika, groupe ililala wapi?"

"Kule nyuma. Katika annexe. Tulikuwa tunafungua mulango, moshi inaenda inje."

"Na Koko alipofika, mulimupa chumba gani?"

Papa Saidi alifunika mdomo kwa mkono. Mke wake, aliyekuwa amekaa mkekani, Yusufu mapajani, ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo sana.

"Annexe."

"Na groupe mukaiweka wapi?"

Wote waliangalia ule ukuta wa mbao. Tonton Musafiri alichukua ile feni, akaigeuza geuza, akajipaka weusi kwenye kanzu yake nyeupe bila kuona. Koko hakuumwa kwa sababu alilala pale palipokuwa na hewa. Wao waliumwa kwa sababu siku waliyomkaribisha waliingiza groupe ndani ya nyumba ili yeye apate mahali pa kulala. Ilikuwa kweli tangu alipofika. Ilikuwa kweli kabisa, na hakuwa na kosa lolote.

Groupe ilijengewa kibanda cha matofali mwisho wa lupango, na mnyororo. Mimi nilisafisha mapezi kwa petroli kidogo na mswaki, nikapaka dawa mpya ya kupitisha joto, nikaisogeza kompyuta mbali na ukuta. Haikuganda tena. Nadia aliitumia mpaka akamaliza shule.

Kazi ya groupe ilichukua siku moja. Kazi ya maneno ya avenue ilichukua muda mrefu zaidi, na aliyeifanya ni Maman Rehema. Kila asubuhi alitoka na Koko Asha, amemshika mkono, wakapita avenue nzima mpaka penye bomba, wakasimama kila lango. Rehema akasema, huyu ndiye aliyenitolea watoto kwenye moshi. Wengine waliitikia. Wengine waliingia ndani kabla hawajafika. Rehema alirudi kesho yake. Yule kijana wa tofali, niliambiwa, ilichukua miezi kabla hajaanza kusalimu.

Nilimtembelea Koko mara nyingi baada ya hapo. Mara moja, tukiwa tumekaa wawili tunamenya mihogo, nilipata nguvu ya kumwomba msamaha kwa siku ile ambayo sikumtazama machoni. Nilimwambia kwamba nilipomwona dirishani, kichwa kinaniuma, niliamini ni yeye.

Hakukasirika. Aliutia muhogo ndani ya beseni.

"Na miye pia," akasema. "Wao wote walikuwa wanaumwa, miye peke yangu hapana. Nilikuwa najiuliza, labda iko ndani yangu na siijui. Nilikuwa nasimama pale mulangoni nawaangalia kama bado wako wazima. Siku uliniita, nilipomubeba Yusufu, niliogopa mikono yangu."